Simu imefikaje ndani ya seli?

*Sheria inakataza, misako inafanywa, na bado matapeli wanapiga simu kutoka magerezani. Kwa wazee wa Kitui na Makueni, na kwa familia zenye mtu wao kifungoni, hili ni suala la pesa za chakula na la haki.*

Alhamisi ya Novemba 18, 2021, wanaume watatu wasiojulikana walitokea mashariki mwa Kaunti ya Kitui, kule ambako ardhi huanza kutelemka kuelekea nyika za Mto Tana. Walikuwa wachovu, wenye njaa na kiu, na walichotaka hasa ni kuonyeshwa njia ya kwenda Garissa. Wenyeji wakawatilia shaka, habari ikafika kwa maafisa wa usalama, na siku hiyo hiyo safari yao ikakomea hapo.

Watatu hao walikuwa wafungwa wa kesi za ugaidi waliotoroka Gereza la Kamiti, Nairobi, usiku wa kuamkia Jumatatu ya wiki hiyo. Mmoja wao alikuwa amehukumiwa kwa kuhusika na shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148. Serikali ilikuwa imeahidi shilingi milioni 60 kwa atakayesaidia wakamatwe. Kufikia siku hiyo Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameshamfuta kazi Kamishna Mkuu wa Magereza, Wycliffe Ogalo, na kumteua Brigedia mstaafu John Warioba. Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alilaumu uzembe, na maafisa kadhaa wa Kamiti wakatiwa mbaroni wakishukiwa kuwa na mkono katika utoro huo.

Makala haya yanahusu simu haramu magerezani, na ninaanzia kwa watoro hao kwa sababu moja. Mfungwa anayetoka bila ruhusa na simu inayoingia bila ruhusa hupita mbele ya macho yale yale. Ukuta wa gereza haununuliki. Mwenye ufunguo hununulika.

"Mwaitu, ni mimi"

Anayeishi Ukambani, ziliko Kitui na Makueni, na ana simu, hata ile ndogo tunayoiita mulika mwizi, anaujua ujumbe huu: ile pesa tuma kwa namba hii, ile nyingine ina shida. Haujataja jina wala kiasi. Umetumwa kwa watu wengi kwa mpigo, na unamngoja yule mmoja ambaye kweli alikuwa na mtu wa kumtumia pesa asubuhi hiyo.

Upo pia ule wa pesa zilizotumwa kimakosa. Ujumbe unakuja umeandikwa mfano wa ule wa M-Pesa, halafu simu inalia, na sauti ya mtu anayekaribia kulia inaomba irudishiwe pesa za hospitali. Wengine hujifanya wahudumu wa kampuni ya simu na kumtaka mtu abonyeze tarakimu fulani ili laini yake isifungwe. Na kwa mama mzee kuna ulio mbaya kuliko yote, sauti ya kijana inayoanza na "Mwaitu, ni mimi," yaani mama, ni mimi, nimekamatwa, nisaidie haraka. Mama ana mwana Nairobi au Mombasa. Moyo unatangulia, akili inafuata nyuma.

Tangu Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mnamo Machi 2007, simu imekuwa ndiyo benki ya kijiji. Pesa za ndengu za Kitui zimo humo, na za maembe ya Makueni, na karo anayotuma mwana aliye mjini. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mtu wa namna hiyo, tapeli akichukua 1,800 amechukua mwezi mzima. Katika kaunti ambako mvua hukosa msimu baada ya msimu, mwezi mzima ni unga, ni dawa ya presha, ni maji ya kununua kwa mtungi.

Haki itendeke hapa: si kila tapeli yuko gerezani. Mulot, kituo kidogo kwenye mpaka wa Bomet na Narok, kimejulikana kwa miaka mingi kwa wizi wa laini, na vijana wake walikuwa huru kabisa. Hata hivyo jina la Kamiti limeshikamana na simu za namna hii kiasi kwamba Mkenya akipigiwa na mlaghai humuuliza moja kwa moja kama yuko Kamiti. Mfungwa ana mambo mawili ambayo mwizi wa mtaani hana. Ana muda wa kupiga namba mia kwa siku, na haogopi kufungwa kwa kuwa ameshafungwa.

> Mzee anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi akiibiwa 1,800, ameibiwa mwezi mzima.

Lakini tapeli wa gerezani hawezi kufanya kazi peke yake. Anahitaji laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na mtu wa nje wa kuzitoa pesa haraka kabla mwenyewe hajashtuka. Waathiriwa huambiwa wapeleke ujumbe wa muamala kwenye 456 ili pesa zirudishwe, na hilo husaidia iwapo bado zimo kwenye akaunti ya aliyezipokea. Zikishatolewa kwa wakala, hakuna cha kurudisha.

Kanuni za usajili wa laini za simu zilitungwa mwaka 2015. Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano iliwaamuru Wakenya wahakikishe usajili wao upya, kwanza kufikia Aprili 15, kisha muda ukasongezwa hadi Oktoba 15. Wazee walisimama kwenye foleni wakiwa na vitambulisho mkononi. Foleni hizo zilikuwa na maana, kwa sababu laini yenye jina la uongo ndiyo pumzi ya biashara hii. Ila usajili unategemea uaminifu wa anayesajili. Wakala anayemwambia bibi kizee kwamba kitambulisho hakijasomeka, akipitishe tena, anaweza kuwa amesajili laini mbili kwa jina lake, moja ya bibi na nyingine ya kuuzwa.

Sheria iliyozaliwa kabla ya simu

Sheria ya Magereza ya Kenya, Sura ya 90, ni ya mwaka 1962. Ilipoandikwa, wasiwasi wa mtunga sheria ulikuwa tumbaku, pombe, silaha na barua. Simu imeingizwa chini ya kifungu cha jumla, kile cha vitu vilivyokatazwa: chochote ambacho mfungwa hakuruhusiwa kuwa nacho ni kosa kukimiliki, na ni kosa kwa mtu wa nje au afisa kumpelekea.

Mfungwa akipatikana na simu hushtakiwa ndani kwa ndani mbele ya mkuu wa gereza. Adhabu inayouma zaidi ni kupoteza msamaha wa siku. Kwa kawaida mfungwa mwenye nidhamu husamehewa theluthi moja ya kifungo chake, kwa hivyo aliyehukumiwa miaka sita hutarajia kutoka baada ya minne. Simu moja inaweza kumla sehemu ya miaka hiyo miwili. Kwa aliyefungwa maisha, adhabu hiyo haina meno, na huyo ndiye anayeweza kuitunza simu ya wenzake.

Nchi nyingine zimeitungia simu sheria yake. Uingereza iliitaja kwa jina katika mabadiliko yaliyoanza kutumika Aprili 2008: anayeipeleka gerezani bila idhini anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Baadaye, mwaka 2012, hata kuimiliki tu ndani ya gereza kukawa kosa la kufikishwa mahakamani. Marekani ilipitisha sheria kama hiyo kwa magereza ya serikali kuu, na Rais Barack Obama akaitia saini Agosti 10, 2010. Adhabu yake ni hadi mwaka mmoja zaidi.

Wanaotaka Kenya ifuate njia hiyo wana hoja nzito. Wanasema jina la kosa linapokuwa wazi, mwendesha mashtaka hababaiki, na askari anayeingiza simu anajua kwamba kinachomngoja si kuhamishwa kituo tu. Naikubali hoja hiyo. Mtu aliyempokonya mwaitu wa Kathonzweni, Makueni, pesa zake, na mtu aliyemuuzia mwizi huyo simu kwa bei ya mara kadhaa ya dukani, wote wawili wanastahili kukaa kizimbani.

Lakini upande wa pili una Katiba mkononi. Ibara ya 51 ya Katiba ya 2010 inasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezekani kabisa akiwa kifungoni. Mwaka 2014 Bunge lilitunga Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru, inayotambua haki ya kuwasiliana na jamaa na wakili. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Nelson Mandela, na kanuni ya 58 inasema wafungwa waruhusiwe kuwasiliana na familia na marafiki mara kwa mara, chini ya usimamizi unaofaa, kwa barua, kwa kutembelewa, na pale inapowezekana kwa simu na njia za kidijitali.

Kwa hivyo sheria zetu zenyewe zinasema mambo mawili. Zinasema mfungwa asiwe na simu, na zinasema mfungwa azungumze na watu wake. Wanaotaka adhabu kali husoma nusu ya kwanza, na wanaharakati husoma ya pili.

Gereza halijawahi kuwa kimya

Kabla simu haijafika, maneno yalitoka gerezani kwa njia nyingine, na baadhi yake leo tunayaita historia ya ukombozi.

Mwaka 1958, wafungwa wa kisiasa huko Lokitaung, jangwani Turkana, akiwemo Paul Ngei wa Ukambani, waliandika barua kuhusu mateso na hali mbaya ya kifungo chao. Barua ikatoroshwa nje na kuchapishwa London katika gazeti la The Observer. Serikali ya kikoloni ilihesabu barua hiyo kuwa haramu. Wakenya waliihesabu kuwa ushahidi.

Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyefungwa kati ya 1969 na 1972 kwa kijitabu chake cha kuihoji serikali, alitunga mashairi kwenye karatasi za chooni, nayo yakafichwa na kutolewa nje. Yakatoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Wanafunzi wa Kiswahili wamekisoma kitabu hicho kwa miongo mingi, na kila ukurasa wake ulianza maisha kama kitu kilichokatazwa gerezani.

Novemba 2008 simu yenyewe ikawa shahidi. Televisheni zilionyesha video iliyopigwa kwa simu ya mkononi ndani ya Kamiti: askari wakiwapiga wafungwa walio uchi katika msako wa vitu haramu. Nchi ilishtuka. Kilichokuwa kikisakwa, simu zikiwemo, ndicho kilichotuonyesha jinsi msako ulivyofanywa. Bila simu ile kungekuwa na neno la mfungwa dhidi ya neno la afande, na tunajua ni la nani ambalo lingeaminiwa.

> Kilichokuwa kikisakwa ndicho kilichotuonyesha jinsi msako ulivyofanywa.

Sisemi kwamba simu haramu ni jambo jema. Nasema kwamba sheria mpya inayoongeza adhabu bila kufungua mlango wa mfungwa kupeleka malalamiko itaufunga mdomo wa aliyepigwa pamoja na wa aliyeiba. Ukaguzi wa magereza unaofanywa na majaji na tume za haki hauwezi kuwa tamko la karatasini. Lazima pawe na namba ambayo mfungwa anaruhusiwa kuipiga bila askari kusimama nyuma yake.

Namba asizozikumbuka

Chukua mtu aliyekamatwa Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, au Mutha kule kusini. Kituoni polisi wanachukua simu yake. Humo ndani zimo namba zote anazozijua duniani, kwa kuwa siku hizi hakuna anayekariri namba. Hakimu anamwekea dhamana ya pesa taslimu. Kwao hawana habari. Basi anapelekwa rumande, na familia inamtafuta kwa siku kadhaa kuanzia kwa chifu hadi hospitalini.

Ibara ya 49 ya Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao anahitaji msaada wao. Haki hiyo haina maana kama daftari la namba limefungiwa kwenye kabati la vielelezo.

Kitui ni kaunti ya zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Kaunti hizi mbili, Kitui na Makueni, zina mahakama Kitui, Mwingi, Kyuso, Mutomo, Wote, Makindu, Kilungu na Tawa, lakini magereza ni machache, mjini Kitui, upande wa Mwingi na mjini Wote. Mke wa mahabusu anayetoka kijiji cha ndani hupanda pikipiki, halafu matatu, halafu anangoja langoni, kwa mazungumzo ya dakika chache. Nauli hiyo ingelisha nyumba kwa siku kadhaa. Wengi huja mara moja, kisha wanakoma, na mfungwa anabaki akidhani ametupwa.

Hapo ndipo soko la simu haramu linapopata wateja ambao si matapeli. Wapo wanaotaka tu kujua kama mtoto amerudi shule. Wapo wanaotafuta mtu wa kuwawekea dhamana. Baada ya Mahakama ya Juu kuamua, Desemba 14, 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, kwamba hukumu ya lazima ya kifo kwa wauaji inakiuka Katiba, mamia ya wafungwa walirudi mahakamani kuomba hukumu ipitiwe upya. Katika kesi kama hizo mahakama husikiliza ripoti ya afisa wa probesheni kuhusu familia, jamii na hata jamaa za marehemu. Mfungwa aliyekaa miaka kumi bila kuzungumza na nyumbani huwa na ripoti nyembamba.

Ukienda kwa njia halali, unaandika jina kwenye ofisi ya ustawi wa wafungwa na kungoja zamu ya simu ya ofisi. Magereza ya Kenya yana watu zaidi ya 50,000, idadi inayokaribia mara mbili ya nafasi yaliyojengewa. Kwa hesabu hiyo, anayengoja simu ya ofisi anaweza kungoja sana. Anayelipa hangoji.

Askari naye ni mtu

Kikulacho ki nguoni mwako. Simu ndogo inaweza kurushwa juu ya ukuta, kufichwa kwenye soli ya kiatu au ndani ya kipande cha sabuni, hata ndani ya mwili. Chaja, betri na laini mpya kila mwezi, kwa wafungwa wengi, mwaka baada ya mwaka, haviingii kwa bahati. Vinaletwa na mtu anayeingia na kutoka kila siku.

Aprili 2008 askari jela wa Kenya waligoma, jambo ambalo halijazoeleka katika kikosi chenye sare. Walidai posho ya hatari na mazingira ya kazi yanayolingana na ya askari wenzao. Kamati iliyoongozwa na Marsden Madoka ikaundwa kuchunguza mgogoro wa magereza. Miaka 15 baadaye jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilizuru kaunti na kumkabidhi Rais William Ruto ripoti yake Novemba 2023, ikipendekeza tena mishahara bora na makazi bora kwa polisi na askari wa magereza.

Umasikini hauhalalishi rushwa. Lakini yeyote anayeandika sheria ya simu na kuuacha mshahara na nyumba ya askari anaandika nusu ya sheria. Askari kijana mwenye mkopo na wazazi wanaomtegemea nyumbani, anayeonyeshwa noti zinazozidi mshahara wake wa wiki ili apitishe kitu kinachotoshea kiganjani, yumo majaribuni kila zamu.

Na huyo askari hukaguliwa na nani? Mgeni anayekuja kumtembelea mfungwa hupapaswa, unga wake humwagwa, mkate wake hukatwa vipande. Maafisa nao wanapaswa kupita kwenye mashine ile ile, kila siku, mkuu wa gereza akiwa wa kwanza, na anayekagua asiwe mwenzao wa kituo hicho. Hilo halihitaji kungoja Bunge.

Mitambo ya kuziba mawimbi

Kila zinapozuka habari za utapeli, huja pendekezo la kufunga mitambo ya kuzuia mawimbi ya simu. Linapendeza kwa sababu halimgusi mtu yeyote.

Mtambo huo hufanya kazi kwa kumwaga kelele kwenye masafa yale yale yanayotumiwa na simu, hadi simu isiisikie minara. Taabu ni kwamba mawimbi hayajui mpaka wa serikali. Gereza la Kitui na la Makueni yamo mijini. Ukipandisha nguvu ya mtambo hadi kona ya mwisho ya seli isipate mtandao, wakala wa M-Pesa aliye jirani anafunga kibanda, na mama mjamzito anayejaribu kuita teksi usiku anaongea na kimya. Ukiipunguza ili jirani apumzike, mfungwa anasogea dirishani na kuendelea na kazi yake.

Marekani inakataza uzibaji wa mawimbi kwa sheria ya mwaka 1934, na magavana wa majimbo wamebishana na wadhibiti wa mawasiliano kwa miaka. Uingereza iliruhusu kuingilia mawimbi magerezani kwa sheria ya mwaka 2012, na mwaka 2015 ikawezesha mahakama kuamuru kampuni za simu zikate laini zinazotumika ndani ya gereza. Njia hii ya pili inanivutia zaidi kwa hali yetu. Laini inayolala kila usiku kwenye eneo la gereza, haihami, na inapiga watu mia wasiofahamiana kwa siku, haijifichi mbele ya mitambo ya kampuni ya simu. Ikatwe kwa amri ya mahakama, maana Ibara ya 31 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mawasiliano, na jirani wa gereza au askari aliye zamu asikatiwe laini kwa kukisia.

> Mtambo wa kuziba mawimbi unapendeza kwa sababu haumgusi mtu yeyote.

Simu ya ukutani

Machi 2020, Covid-19 ilipoingia nchini, ziara za magereza zilisimamishwa. Kesi zikaanza kusikizwa kwa video, mahabusu akiwa gerezani na hakimu akiwa kwenye skrini. Jambo tuliloambiwa miaka yote kwamba haliwezekani kwa sababu za kiusalama lilianza kufanyika ndani ya wiki chache.

Ufaransa ilijaribu kitu kikubwa zaidi. Mwaka 2016, katika gereza la Montmédy kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, waliweka simu za ukutani ndani ya seli. Mfungwa anapiga namba zilizoidhinishwa tu, kwa gharama yake, na mazungumzo yanaweza kusikilizwa. Idadi ya simu za mkononi zilizonaswa ikapungua, na mwaka 2018 serikali ikaamua kuusambaza mpango huo katika magereza mengine nchini.

Hapa nina ushauri na onyo. Ushauri ni kwamba Kenya iweke simu za ukutani, zenye orodha ya namba kumi au kumi na tano zilizohakikiwa, zinazorekodiwa, isipokuwa anapopigiwa wakili au tume ya haki za binadamu. Anayetaka kumpigia mama yake hatakuwa tena na sababu ya kumlipa askari, na kila simu ya mkononi itakayopatikana baada ya hapo itakuwa na maelezo machache sana ya kujitetea. Hapo ndipo adhabu kali itakapokuwa halali machoni pa watu.

Onyo linatoka Marekani. Huko kampuni za simu za magerezani ziliwatoza maskini bei za kutisha kwa miaka mingi, hadi nyanya mmoja, Martha Wright, akapigania haki ya kuzungumza na mjukuu wake aliyefungwa. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini Januari 2023 ili kuruhusu bei hizo zidhibitiwe. Zabuni ya simu za magereza ikitolewa hapa bila bei kuandikwa ndani ya sheria, tutakuwa tumemtoa mke wa mahabusu wa Mutha kwenye mikono ya askari mmoja na kumtia kwenye mikono ya kampuni.

Limebaki suala la waliokwisha kuibiwa, na hapa sioni upande wowote ukilibeba kwa uzito unaostahili. Mfungwa akinaswa na simu, msako unaweza kuishia kwenye simu kuvunjwa au kupelekwa stoo. Ndani ya simu hiyo zimo namba za waliopigiwa, ujumbe uliotumwa, na majina ya waliopokea pesa nje. Ichukuliwe kama kielelezo cha jinai, ifunguliwe na Idara ya Upelelezi, na wakala aliyetoa pesa pamoja na aliyesajili laini waitwe mahakamani. Waathiriwa waarifiwe, hata kama pesa zenyewe ni 1,800 tu. Mzee wa Kyuso haendi kituo cha polisi kuripoti kiasi hicho, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingezidi alichoibiwa.

Magereza ya Kitui na Makueni ni madogo ukiyalinganisha na Kamiti, na hayana sifa mbaya kama yake. Kwa sababu hiyo hiyo yanafaa kuwa ya kwanza kupata simu za ukutani, ukaguzi wa maafisa langoni na daftari la simu zilizonaswa linaloweza kusomwa na hakimu. Ufaransa ilianza na gereza moja tu, tena la mji mdogo.